Ukuta Usiishie Kwenye Lenta: Namna ya Kujenga Nyumba Inayochelewesha Moto

Zilikuwa fremu sita za maduka chini ya paa moja, mtaa wa ndani hapa Tabora mjini, na kuta zake nilizipandisha kwa mikono yangu. Tulipofika lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mwenye mali akahesabu matofali yaliyobaki. Akaamua gebo (pembetatu za ukuta zinazopanda hadi kileleni mwa paa) za pande mbili za mwisho zijengwe, ila kuta tano za kati ziishie pale pale. "Fundi, dari itaficha. Nani atapanda huko juu kutazama?" Nilikuwa kijana mwenye shida ya kazi, nikakubali. Mwaka wa tatu, usiku mmoja wa Agosti, moto ukaanza fremu ya pili, kwa kijana aliyekuwa akichaji betri na simu za watu. Ukapanda darini, na huko juu haukukuta kizuizi chochote hadi gebo ya mwisho.

Asubuhi nilikwenda. Kuta zote zilikuwa zimesimama. Nikaweka kiganja, bado zina joto. Nikagonga tofali kwa mpini wa mwiko, likalia kama siku nililolijenga. Juu yake palikuwa wazi: mabati yamejikunja na kuangukia ndani, papi, zile mbao nyembamba za kupigilia bati, zimekuwa majivu, na cherehani nne za mama wa fremu ya sita zimebaki vyuma vyeusi. Mama yule alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaniuliza, "Fundi, moto umeanzia kwa mtoto yule kule. Mimi huku umenifikaje, na ukuta si huu hapa?"

Siku ile sikuwa na la kumjibu. Haya ninayoandika ndiyo jibu lake, na ni kwa ajili ya yeyote anayetaka kujenga nyumba, fremu au ghala katika mji wetu na vijiji vyake.

Maswali matatu ambayo moto huuliza

Watu hupenda kusema nyumba ya matofali haiungui. Tofali haliungui, lakini nyumba huungua, kwa sababu nyumba si kuta peke yake. Kila kipande cha jengo kiulize mambo matatu. Kikipata moto, kitaendelea kubeba mzigo wake kwa muda gani? Kitauzuia mwali usipenye kwenda upande wa pili? Na kitalizuia joto lenyewe, hata kama mwali haupiti?

Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Bati halina tundu, mwali haulipenyi, lakini ukiegemeza fito kavu upande wa pili wa bati lililoshika moto, fito itawaka yenyewe. Kwenye maabara za majaribio kipande cha ukuta hufungwa mdomoni mwa tanuri maalumu. Joto la tanuri hilo hufikia nyuzi 840 hivi ndani ya nusu saa na nyuzi 945 ikitimia saa moja. Ukuta hufaulu ikiwa upande wa pili joto lake halijapanda kwa wastani wa zaidi ya nyuzi 140 kutoka pale lilipoanzia. Ndiyo maana utasikia "ukuta wa saa moja" au "mlango wa nusu saa". Maana yake si kwamba hauungui kamwe. Unawanunulia watu dakika za kutoka, na unawanunulia wazimaji dakika za kufika.

Mhandisi mmoja niliyefanya naye kazi alinichorea kwa kaa juu ya ubao jinsi Wamarekani wanavyoyagawa majengo katika makundi matano. La kwanza ni zege na chuma kilichofunikwa vizuri. La pili ni vitu visivyowaka lakini vimeachwa wazi, kama ghala la nguzo za chuma na bati. La tatu ni kuta za nje za matofali au bloku, na ndani na juu ni mbao. La nne ni mbao nene, boriti kubwa kubwa. La tano ni nyumba ya mbao nyembamba tupu, ambalo ndilo dhaifu kuliko yote. Chicago iliteketea Oktoba 1871 kwa sababu sehemu kubwa ya mji ule ilikuwa mbao, toka kuta mpaka njia za kutembelea kwa miguu.

Nilipoutazama ule ubao niliona mji wangu wote umo katika kundi la tatu: kuta za matofali ya kuchoma, kenchi za mbao (pembetatu zinazobeba paa), bati juu. Kundi hilo lina ugonjwa mmoja unaojulikana dunia nzima, nao ni uwazi kati ya dari na paa.

Vifaa vyetu, nikianza na tofali

Tofali la kuchoma limeshafanya mtihani kabla hujalinunua. Kwenye tanuri zetu, kuni za miombo zikiwaka siku na usiku, matofali ya katikati hufikia nyuzi 900 na zaidi, na hukaa humo muda mrefu kuliko moto wowote wa nyumba. Moto ukilikuta ukutani haulifundishi jambo jipya. Ukuta wa tofali moja lililolazwa kwa urefu, inchi nne na nusu, ukiwa umejazwa udaka (mchanganyiko wa kuunganishia matofali) vizuri kwenye maungio yote, unaweza kuzuia moto kama saa 2. Ukuta wa inchi tisa unafika saa 4. Lipu ya simenti pande zote mbili huongeza muda.

Tahadhari iko kwenye matofali ya pembeni mwa tanuri, yale yaliyoiva nusu. Chukua mawili, yagonganishe. Lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti ya kopo lililojaa mchanga. Kisha lilaze moja ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi ulibonyeze kingo kwa kidole gumba. Likimomonyoka, liache. Udongo mbichi nao hauungui, ni kweli, lakini moto huzimwa kwa maji, na paa likishaondoka mvua ya Novemba itapiga ukuta ulio wazi. Nimeona ukuta uliouvumilia moto usiku mzima ukaja kuanguka kwa maji ya kuuzimia.

Nyumba ya miti na udongo inategemea huo udongo umefunika miti kiasi gani. Kama fito zinaonekana, au mchwa wamekula wakaacha vichuguu ndani ya ukuta, moto una njia. Kandika upya kila mwaka baada ya mavuno, ndani na nje, na usiache ufa hata mmoja karibu na jiko.

Wazee wetu walilijua hili bila maabara. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe iliyokarabatiwa ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872. Utaona kuta nene za udongo. Tembe za kale ziliezekwa kwa magogo na fito, kisha juu ukamwagwa udongo ukashindiliwa. Cheche ikirushwa juu yake inakuta udongo, inakufa. Enzi za vita, wakati vijiji vilichomwa moto, hilo halikuwa jambo dogo. Udhaifu wake ni mzigo: moto ukianzia ndani na kula magogo, udongo wote ule unaangukia vichwa vya watu. Kwa hiyo hata kwenye tembe, aliye ndani anatoka kwanza.

Nyasi sina maneno mengi. Kiangazi hapa kwetu, kuanzia Juni mpaka Oktoba, cheche moja kutoka shamba la jirani inatosha. Ukiezeka kwa nyasi, jiko likae mbali na nyumba, upande ambao upepo unakwenda, si unakotoka.

Sasa mbao, na hapa wengi hushangaa. Mbao inayowaka hujijengea tabaka la kaa juu yake, na kaa hilo huukinga moyo wa ndani. Ubao huliwa na moto kwa mwendo unaokadirika, kati ya milimita 0.5 na 0.8 kila dakika kwa kila upande ulio wazi. Mbao nzito kama mninga huliwa polepole kuliko msonobari. Tupige hesabu ya milimita 0.7 kwa nusu saa: ni milimita 21 kila upande. Papi ya mbili kwa mbili ina milimita 50. Ikiliwa pande zote inabaki kijiti cha milimita 8, na haibebi kitu. Mbao ya nne kwa mbili inabaki ubapa wa milimita 8 kwa 58. Lakini boriti ya sita kwa sita, milimita 150, baada ya nusu saa ileile bado ina moyo mzima wa milimita 108 kwa 108.

Niliwahi kuikata kwa msumeno boriti ya mninga iliyotolewa kwenye nyumba iliyoungua. Nje ilikuwa nyeusi, imepasuka vipande vipande kama ngozi ya mamba, kina cha kidole kimoja. Chini ya hapo kulikuwa na mstari mwembamba wa kahawia, halafu mninga wenyewe, mwekundu, unanukia kana kwamba umeangushwa jana. Boriti ile ilikuwa bado imeshika mzigo wake wakati papi zote za chumba kilekile zilikuwa zimekwisha. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya mbao, nunua chache nene zilizokaa mbalimbali badala ya nyingi nyembamba, na maungio ya kenchi usiyategemeze kwenye misumari peke yake. Msumari hupata joto haraka, unachoma tundu lake wenyewe, kenchi inaachia.

Chuma kinawadanganya watu kwa sababu hakiwaki. Kikifika nyuzi 550 hadi 600 kimeshapoteza karibu nusu ya nguvu yake, na moto wa chumba kilichojaa mali unafika huko bila shida. Tena chuma hurefuka. Boriti ya mita 10 ikipanda nyuzi 500 inarefuka kama milimita 60, upana wa vidole vitatu, na kama umeibana kati ya kuta mbili za matofali itazisukuma nje mpaka zianguke. Ukijenga ghala la tumbaku au la mpunga kwa chuma, acha nafasi kwenye ncha moja ya boriti, na nguzo zilizo ndani zizungushie tofali au zege hadi juu.

Zege ni zuri mradi nondo zimezama. Slebu ya sentimita 8 ambayo nondo zake ziko sentimita 2 kutoka chini inakadiriwa kuvumilia saa moja. Ukitaka saa 2 unahitaji sentimita 12, na nondo ziwe sentimita 4 kutoka chini. Hapo ndipo biskuti, vile vipande vya kuinulia nondo, zinapookoa watu. Zitengeneze mapema, kwa simenti na mchanga, zote unene mmoja, uzifunge kwa bandingi waya. Fundi anayepachika kokoto lolote chini ya nondo, halafu msaidizi akalikanyaga likaruka, amekuachia nondo inayochungulia chini ya slebu. Moto utaikuta siku ya kwanza.

Dari zetu za siku hizi: jipsamu ina maji ndani ya chembe zake, zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, na maji hayo hugeuka mvuke na kulichelewesha joto. Bodi moja ya kawaida inaweza kukupa dakika 15 au zaidi kidogo ikiwa maungio yamezibwa. Dari ya plastiki haikupi kitu. Inalainika, inadondoka, na moshi wake una tindikali inayokaba koo.

Kuupandisha ukuta mpaka chini ya bati

Hii ndiyo kazi yenyewe, nayo ifanye kabla seremala hajaja. Mara nyingi seremala akishaezeka, hakuna anayerudi kujenga juu.

Baada ya lenta kukomaa, endelea na kila ukuta unaotenga familia na familia, duka na duka, au jiko na vyumba vya kulala. Si lazima kila ukuta wa ndani. Funga kamba kutoka kwenye kilele cha gebo moja ya nje hadi ya pili, hiyo ndiyo itakuonyesha ukuta wa kati ufike wapi. Jenga inchi nne na nusu zinatosha, kozi kwa kozi, yaani mstari kwa mstari, na maungio ya wima uyajaze. Mafundi wengi huyapaka udaka kwenye kingo tu, katikati pakabaki tupu, wakisema huko juu hapaonekani. Moshi unapaona.

Gharama yake? Fremu yenye kina cha mita 6 na kilele cha mita 1.5 ina pembetatu ya mita za mraba 4.5. Kwa matofali yetu ni kama 250 hivi kwa ukuta mmoja. Kuta tano za zile fremu zangu zilihitaji matofali 1,250. Hayo ndiyo yaliyokosekana.

Zingatia mbao zinazovuka. Walpleti (mbao inayolazwa juu ya ukuta kubeba kenchi) au papi ikipita juu ya ukuta au ndani yake, ni utambi. Mwambie seremala azikate, ziishie kila upande, na kati ya ncha mbili za papi pawe na tofali na udaka. Hatakubali haraka. Seremala hupenda papi ndefu isiyokatwa kwa sababu inamnyooshea paa, kwa hiyo mwekee kenchi moja karibu na ukuta kila upande ili papi zake zipate pa kukalia. Bati likilazwa, nafasi za mawimbi kati ya bati na kozi ya mwisho zijazwe udaka laini, kwa mkono, mpaka ndani.

Mwenye uwezo apite juu ya paa kabisa, ukuta utokeze sentimita 40 au zaidi juu ya bati, na maungio yazibwe maji yasipenye. Hapo hata joto la bati haliwezi kuamsha papi ya jirani. Kwa fremu za sokoni mimi sasa hupendekeza hivyo, na wenye mali wanaokubali wanaongezeka.

Matundu, mlango na grili

Fundi umeme akija atatoboa. Hana ubaya, ndiyo kazi yake, lakini tundu la waya mbili asitoboe kwa nyundo tofali zima. Akimaliza, wewe mwenyewe panda uzibe kwa udaka kuzunguka bomba. Na waya za darini zipite ndani ya mabomba, zisilazwe uchi juu ya papi ambako panya hutafuna.

Mlango kati ya jiko au duka na nyumba uwe wa mbao nzima, unene wa milimita 44 hivi, umekaa vizuri kwenye fremu yake. Mlango wa aina hiyo unaweza kushika karibu nusu saa ukiwa umefungwa. Ule wa flashi wenye uwazi ndani unatoboka kwa dakika chache.

Grili ninaisema kwa uchungu. Tunajizungushia nondo dirishani kwa kuogopa wezi, moto ukishika mlango hatuna pa kutokea. Katika kila chumba cha kulala, dirisha moja grili yake iwe na bawaba na kufuli la ndani, na ufunguo utundikwe mahali ambapo mtoto wa miaka minane ataupata gizani kwa kupapasa. Mfanyishe mazoezi.

Kama umeshajenga

Usibomoe. Panda darini mchana wa jua kali, funga milango, zima taa, kaa kimya dakika mbili macho yazoee. Kila mahali utakapoona mwanga ukitoka upande wa jirani, moto utapita hapo. Kuta zilizoishia kwenye lenta zinaweza kumaliziwa kutokea ndani, kwa kufungua mabati machache juu ya ukuta. Kama lenta haikuwekwa nondo za kutosha, muite fundi aipime kabla ya kuiongezea matofali. Pale pasipobeba tofali, pigilia bodi za jipsamu mbili mbili kila upande wa fremu ya mbao, maungio yapishane.

Wenye mabani, majengo ya kukaushia tumbaku, huko Urambo na Sikonge na Kaliua, jambo lenu ni moja zaidi: jani kavu linalodondokea bomba la moto. Tandika wavu wa waya juu ya mabomba, na bani lisigusane na ghala wala nyumba.

Nyumba iliyokwisha kuungua usihamie kwa sababu tu kuta zimesimama. Zege lililopata joto la nyuzi 300 na kuendelea mara nyingi hugeuka rangi ya waridi hafifu, na ukiligonga linajibu kwa sauti nzito isiyo na mlio. Ukiona hivyo, mhandisi atangulie. Na moto ukitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Wapigie kabla ya kuanza kubeba makochi.

Mwezi uliopita tumemaliza fremu nyingine, nne safari hii. Usiku wa mwisho nilibaki na kijana wangu wa kazi. Nikasimama darini upande huu na tochi, yeye upande wa pili kwenye giza, nikaipitisha tochi polepole chini ya bati toka ukingo mpaka kileleni.

"Baba, naona mwanga."

"Wapi?"

"Karibu na papi ya pili. Kama punje ya mtama."

Nikamwambia aweke kidole hapo hapo asiondoe, nikashuka kuchukua karai.